Lango la Daktari Rezwan

Kwa miaka mingi Daktari Rezwan Talukdar hakuwa na jina jingine katika soko la Dhanukhali ila Kaka Daktari. Mafuriko yalipoleta kipindupindu, alizunguka kwa mtumbwi akiwafundisha akina mama kuchanganya maji ya dawa: chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, konzi ya sukari guru, maji yaliyochemshwa.

"Akitapika, mnywesheni tena. Akishindwa kunywa, mleteni kwangu mbio, hata kama nala."

Ndiyo maana alipogombea ubunge alichagua alama ya mtungi wa maji, na hata wasiojua kusoma waligonga muhuri juu yake kwenye karatasi ya kura bila kuulizana.

Siku aliyorudi kutoka Dhaka akiwa mbunge, barabara nzima ilikuwa malango ya mianzi yaliyovikwa vitambaa, kila moja na picha ya uso wake na mtungi juu. Mwanzoni aliona haya. Walipofika Dhanukhali alikuwa amekwisha kuzoea kiasi cha kumuuliza Litu, mpambe wake, "Mbona la hapa kwetu dogo?"

"Hawa wa sokoni mikono mizito, mheshimiwa. Nitawasema."

Gari likasimama apokee maua. Ng'ambo ya lango vijana wa Litu walikuwa wamefunga njia kwa kamba, na nyuma ya kamba alisimama Kuddus na baiskeli yake ya mizigo.

"Kuddus! Nawe umekuja kunipokea? Mbona umenuna hivyo, umetafuna pilipili?"

"Nasubiri upite, mheshimiwa."

"Nipite halafu?"

"Nimpeleke mwanangu Moyna hospitali, anahara na kutapika. Wamesema hapiti mtu mpaka mheshimiwa apite."

Ndipo Rezwan alipoona kuwa lile furushi la shali juu ya kichanja cha baiskeli lilikuwa mtoto. Akaruka kamba. Akaibana ngozi ya tumbo la binti yule na kuiachia. Ngozi ikabaki imesimama: maji yalikuwa yamemwishia mwilini. Macho yalikuwa yamezama, ulimi mkavu.

"Yuko hapa tangu lini?"

"Tangu watoto wa shule walipopangwa juani kukusubiri."

"Na hukuniita? Namba yangu ya simu unayo!"

"Nilipiga. Akapokea huyu." Kuddus alimwonyesha Litu kwa kidevu. "Akasema leo hakuna Kaka Daktari, leo kuna mheshimiwa."

Rezwan akainua macho langoni. Mtoto alikuwa anakufa kwa kiu chini ya picha ya mtungi wake.

"Mheshimiwa," Litu alinong'ona, "hotuba kwanza, watu wana—"

"Kata kamba! Kata, mpumbavu wewe!"

Akapanda kichanjani na mashada yake shingoni, akampakata mtoto, Kuddus akakanyaga pedali kama mwendawazimu. Hospitalini Rezwan alitafuta mshipa wa mkono wa mtoto kwa sindano, ukamkimbia, akajaribu tena, ukakimbia. Akaupata mguuni. Dripu ikaanza kushuka, huku tarumbeta za mapokezi zikiendelea kulia sokoni kwa ajili yake.

Kabla ya magharibi Moyna alifumbua macho, akaomba maji. Baba yake akaangua kilio, akainama kumshika Rezwan miguu. Rezwan akamwinua haraka.

"Acha hayo, Kuddus. Niite kama zamani."

Kuddus akamtazama kwanza Litu, aliyesimama mlangoni na maua yaliyobaki, kisha akatazama chini.

"Ndiyo, mheshimiwa."