Nani Yuko Macho Usiku: Kutafuta Pa Kujifungulia Bujumbura

Niliondoka Rumonge kwa sababu mkunga wetu, Mama Jeanine, alikataa kunizalisha. Hakukataa kwa ubaya. Alinipima presha mara mbili, akalipapasa kovu la operesheni chini ya tumbo, kisha akaniuliza tena umri wangu kana kwamba safari hii miaka ingepungua. Nina miaka arobaini na mitatu. Mtoto wangu wa kwanza, Anitha, ambaye sasa ananipita kimo, alitolewa kwa kupasuliwa. Wa pili alifia tumboni tukiwa njiani kukimbizwa Bujumbura, ndani ya lori ambalo mume wangu hubebea mawese, na kwa muda mrefu baada ya hapo sikutaka mtu yeyote anisemeshe. Huyu wa tatu alikuja nikiwa nimekwisha kugawa nguo zote za watoto.

"We usingoje uchungu," Mama Jeanine aliniambia. "Nenda Bujumbura sasa, uone hospitali na macho yako. Uliza kitu moja tu: usiku, mutu wa kupasua iko ao haiko? Bingine byote ni mapambo."

Swali moja tu. Mimi ni mwalimu, tena nafundisha Kiswahili, nikajiambia swali moja haliwezi kunishinda. Nawaandikia ninyi wenzangu wa Rumonge, na ndugu zangu niliowaacha Kigoma tulipokuwa wakimbizi, mjue jinsi swali moja linavyoweza kumzungusha mtu mwenye akili zake timamu.

Jumatatu alfajiri mume wangu, Evariste, alinitafutia gari dogo la abiria na kumwomba dereva aniachie kiti cha mbele peke yangu. Yeye alikuwa ameshachagua. Kulikuwa na kliniki moja Mutanga Nord ambako mke wa mteja wake alijifungulia, na tangu wiki iliyopita alikuwa akinionyesha picha zake kwenye simu: vigae mpaka ukutani, mapazia ya zambarau, kitanda kinachoinuka kwa kubonyezwa. Alinisihi nisipoteze muda kwingine. Nilimwambia nitaona, akakunja uso, akafunga mlango wa gari polepole sana kama mtu anayefunga kabati la vyombo.

Baada ya Minago ziwa lilikuwa kushoto kwetu, karibu mno. Karibu na Magara maji yalikuwa yamekula ukingo wa barabara, magari yakipita moja moja. Mwanamke mmoja kiti cha nyuma, mfanyabiashara wa ndagala, dagaa wa ziwani, aliniuliza ninakwenda wapi na tumbo lile. Nilipomweleza akanitajia hospitali ambako dada zake wote walizalia salama. Dereva akasema hapana, hiyo ilikuwa nzuri zamani, siku hizi watu wanakwenda kwingine. Abiria wa tatu akawakatalia wote wawili. Tulipofika Kabezi nilikuwa na majina manne ya hospitali, ukihesabu na kliniki ya Evariste, na kila mmoja aliapa kwa jina la Mungu.

Kabezi dereva alisimama nyuma ya duka fulani, akaleta dumu na mpira, akaanza kumimina petroli kwenye tangi. Vituo havikuwa na mafuta, akasema, na bila kujuana na watu tungelala hapo. Nilimtazama akimimina. Nilikumbuka lori la mawese, na jinsi Evariste alivyogonga milango ya watu barabarani akitafuta mafuta.

Ngagara tulifika jua likiwa kali. Wifi yangu Mama Nadine, dada mkubwa wa Evariste, anakaa Quartier 6. Ni mjane, mstaafu wa ofisi ya serikali, na nyumba yake haikosi wageni. Alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha, akanitaka niinue miguu. Hata maji sijamaliza kunywa, naye akatoa uamuzi wake: hospitali iwe ile anayoweza kufika kwa miguu. Hapa Burundi mgonjwa analetewa chakula na watu wake, wenyewe wanaita kugemura, na Mama Nadine alilichukulia jambo hilo kwa uzito kuliko operesheni yenyewe.

"Nikikugemulia mbali, bugali itafika ya baridi," alisema. "Na muzazi hakule bugali ya baridi."

Jioni walikuja wanawake wenzake wa kikundi cha sala. Walinihurumia, wakaniombea, kisha wakaanza kubishana. Mmoja alisema kwa umri wangu niende Kigali. Mwingine alisema madaktari wanapenda kupasua tu, nitafute mahali wanapojua kusubiri. Wa tatu hakutaja hospitali yoyote, alinitazama tumbo na kutikisa kichwa, na huyo ndiye aliyenichosha zaidi. Nililala kichwa changu kikiwa soko.

Jumanne asubuhi tulianza na hospitali kubwa ya serikali, ambayo sitaitaja, ila si mbali na Ngagara. Wodi ya uzazi ilijaa. Wanawake walikaa kwenye mikeka ukumbini, ndugu zao wakipita na masufuria na ndoo, na harufu ya dawa ya kusafishia ikichanganyika na ya maharage. Nilimsimamisha muuguzi mmoja aliyekuwa amebeba shuka mpaka kidevuni, nikamuuliza kwa heshima kama usiku wana zamu.

"Zamu? Iko moja," alisema bila kuweka shuka chini. "Muzee moja. Na ye analalaka."

Nilimuuliza kama nimesikia vizuri, kwamba analala.

"Analalaka kabisa, mama. Mupaka tupige ku mulango ndiyo anaamuka."

Akaenda zake. Nikaegemea ukuta. Hospitali nzima, wanawake wote wale, na daktari mmoja mzee anayeamshwa kwa kugongewa mlango. Mama Nadine aliuliza nina nini, nikamwambia tuondoke. Njia nzima nilikuwa na hasira, nisijue namkasirikia nani.

Jumatano tukaenda Mutanga Nord. Evariste hakudanganya, vigae vilifika ukutani. Kulikuwa na samaki ndani ya kioo na msichana wa mapokezi mwenye sauti ya upole, aliyeniita mama kila baada ya maneno mawili. Nikauliza swali langu lile lile, kama usiku zamu wako.

"Wako wawili, mama. Habalale ata kidogo. Na imbwa tuko naye."

Habari ya mbwa sikuielewa. Nilidhani ni mambo ya watu wenye uwezo, nikaona si adabu kuuliza. Madaktari wawili, tena wanaokesha! Nikaandikisha jina, nikampelekea Evariste ujumbe kwamba alikuwa sahihi. Akapiga simu papo hapo, furaha yake ikawa kubwa kupita kiasi, akasema asante, asante, kana kwamba ni mimi niliyemfanyia hisani. Nilipaswa kutulia. Badala yake nilirudi Ngagara na kitu kifuani ambacho sikujua jina lake.

Jioni ile Mama Nadine alikuwa akichambua mboga za lengalenga huku akizungumza na Evariste kwa simu, nami nikisikia. Alikuwa anamwambia kwamba mimi nimechagua kule kwa sababu ya zamu, kwamba naogopa wezi sana, akauliza kama kweli Rumonge siku hizi wanaiba watoto wachanga. Alipokata simu nikamuuliza wezi gani.

"Si we unaulizaka zamu kila pahali?" alishangaa. "Zamu, mutu wa ku portail. Mwenye torche na rungu. Mi nilinyamaza, nilisema ni mimba inamusumbua."

Kwetu sisi tuliokulia Tanzania, zamu ni zamu ya kazi: mwalimu wa zamu, daktari wa zamu. Kwa watu wa Bujumbura zamu ni mlinzi wa getini. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilikuwa nimezunguka mji mkubwa nikikagua walinzi. Yule mzee anayelala alikuwa mlinzi. Wale wawili wanaokesha walikuwa walinzi, na mbwa alikuwa mwenzao wa kazi. Mama Nadine alicheka mpaka akavua miwani. Nilicheka naye, halafu kicheko kikageuka kilio, maana nilikuwa nimekaribia kuweka roho yangu na ya mtoto mikononi mwa watu wawili wenye marungu.

Alhamisi tulirudi Mutanga Nord. Njiani Mama Nadine alinifundisha la kusema: docteur wa garde, yaani daktari wa zamu. Kufika mapokezi nikababaika, nikauliza tu kama garde yuko usiku.

"Garde unaleta we mwenyewe, mama," alijibu yule msichana. "Moja tu. Matela ya kulalia tutamupatia."

Alimaanisha ndugu wa kumuuguza mgonjwa, ambaye naye huitwa garde. Mama Nadine alifungua mdomo anisaidie, nikamzuia kwa mkono. Nilikuwa nimechoka na maneno. Nikamwinamia yule msichana nikamwambia: nikianza kutoka damu usiku, nani atanipasua, na wakati huo atakuwa wapi?

Tabasamu lake likapotea. Hakuwa mtu mbaya, alikwenda kumwita muuguzi mkuu, mwanamume mtulivu, ambaye hakuzungusha maneno. Alisema daktari wanamwita kwa simu, anatoka nyumbani kwake. Nikamuuliza ikiwa siku hiyo amekosa mafuta ya gari. Aliwatazama samaki kidogo.

"Ile siku tunakupeleka ku hospitali kubwa," alisema.

Yaani ningefikia ukumbi ule ule wa mikeka, ila ningefika nimechelewa. Nilimshukuru kwa kunieleza ukweli, na nilimshukuru kwa dhati.

Tulikwenda moja kwa moja hospitali kubwa. Yule muuguzi wa shuka alinitambua, na nilivyoona alitaka kunikwepa. Nikamuuliza vile vile nilivyouliza Mutanga. Safari hii aliweka chini alichobeba, akanishika kiwiko, akanipeleka mpaka mwisho wa ukumbi, mbele ya chumba cha operesheni.

"Mwenye kupasua analalaka mu chumba hii," alisema. "Mwenye kulalisha bagonjwa na sindano, mu hii ingine. Mulango hatufungake."

Nikauliza kuhusu damu, kama ikihitajika.

"Siku ingine iko, siku ingine apana. Sikudanganye, mama. Lete bandugu yako mbele ya kuzala, bapimwe, damu yao ijulikane. Na mimba ikifika mwezi wa nane ukuwe huku Bujumbura, usirudi tena Rumonge."

Nikauliza kuhusu kitanda, akasema huenda nikapata, huenda nikaanza na mkeka. Mama Nadine alinong'ona kwamba angalau bugali itafika ya moto. Mimi nilitazama ule mlango usiofungwa na bado nikaogopa. Nilidhani nikipata jibu hofu itaondoka. Haikuondoka. Ila kwa mara ya kwanza wiki ile nilijua ninaogopa nini.

Ijumaa nilirudi Rumonge. Ziwa sasa lilikuwa kulia, dereva mwingine, na abiria waliponiuliza nilikotoka nilisema nilikwenda kusalimia. Sikutaka jina la tano. Nilichojifunza nitawapa ninyi mtakaopita njia hii, hasa mlio na umri wangu: msiulize kwa neno la kitaalamu, liwe la Kiswahili au la Kifaransa, maana kila mlango una maana yake. Semeni jambo lenyewe lilivyo, damu na kisu na usiku, hata kama mdomo unatetemeka. Na mtu akiwaambia lisilopendeza, kaeni mmsikilize amalize.

Nyumbani Evariste alikuwa uani akipanga madumu ya mawese. Nilimweleza yote, habari ya zamu na ya garde, akacheka mahali pa kucheka. Nilipomwambia nimechagua hospitali kubwa, na mkeka wake, akaacha kucheka. Akarudia habari ya vigae. Akarudia mapazia. Nikamuuliza kama amesikia nilichosema kuhusu daktari wa Mutanga kulala nyumbani kwake. Akasema amesikia. Basi, nikasema, unataka nini kule?

Alikaa juu ya dumu, akajipangusa mafuta mikononi kwa muda mrefu.

"Mi nilitaka pahali pazuri tu," alisema. "Kama ni kufa, usifie mu couloir, ku mukeka."

Hapo ndipo nikaelewa ile asante yake ya kwenye simu. Tangu siku ya lori mume wangu alikuwa ameshanizika moyoni, na miezi hii yote alikuwa akinitafutia mahali penye heshima. Nilikasirika hata mtoto akageuka tumboni. Nikamwambia mimi sitafuti pa kufia, natafuta pa kuzalia, na kwamba mwezi wa nane nahamia Ngagara, yeye na Anitha watajipikia.

Aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika, nami nikasimama pale nisijue nimguse au nimwache. Baadaye akainuka, akaviringisha mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, akautazama mshipa wake kama mtu anayeuona mara ya kwanza.

"Kule ku hospitali," aliuliza, "bandugu banapimwaka damu siku gani?"