Kikombe cha Kwanza

Mzee mchimba visima hupima kwa hatua, mikono nyuma, midomo ikihesabu. Mtaa huu aliukuta pori. Leo nyumba zimebanana hadi jirani akikohoa unampa pole ukiwa kitandani, na kila kiwanja kinataka kisima chake na choo chake. Vyote huchimba yeye. Viganja vyake vimekuwa vigumu kama nyayo. Na ana desturi moja: maji yakitoka, kikombe cha kwanza hunywa yeye, mwenye nyumba akitazama.

Kwa mama mshonaji alihesabu hatua saba, akakuta ukuta. Nyuma ya ukuta huo kuna choo cha jirani, alichokichimba mwenyewe mwaka juzi.

“Mama, hapa ni karibu mno na choo.”

“Kiwanja chenyewe ndicho hiki, mzee. Ukikataa wewe, atachimba mwingine.”

Akachimba. Siku ya nne maji yakatoka, maangavu, ya baridi. Mama akamletea kikombe cha maji hayo kwa mikono miwili. Mzee akakinusa, akainama, akanawa nayo miguu polepole, kidole kwa kidole.

“Mbona hunywi?”

“Sina kiu, mama.”

Nyuma ya mama, watoto wake wanne walikuwa wameshajipanga, kila mmoja na kikombe chake.