Shamba la Mdhamini

Kabla ya kwenda kusomea udaktari wa nusukaputi kwa gharama ya serikali, nilitakiwa kuahidi kwamba nikimaliza nitaitumikia kwa miaka kadhaa, popote itakaponituma. Ahadi ya mdomo haikutosha. Ilibidi mtu mwenye mali asimame nyuma yangu, ili nikitoroka wamshike yeye. Mama alikuwa mjane asiye na kitu, kwa hiyo mzigo ukamwangukia kaka yake, mjomba wangu, mkulima wa viazi huko Kuresoi.

Alishuka Nakuru na koti lake la kanisani, akatia sahihi ile dhamana, ‘bond’ kama walivyoiita, akaacha nakala ya hati ya shamba. Hakuelewa hasa nilikokuwa nakwenda. Tukinywa chai aliniuliza, “Yaani daktari, hiyo miaka yote ni ya kulaza watu tu?” Alianza kuniita daktari nikiwa darasa la saba na hakuwahi kuacha. Nilimweleza kwamba kulaza si kazi, kazi ni kuamsha. Akacheka hadi akamwaga chai.

Nilimaliza mwanzoni mwa 2007, nikapangiwa hospitali moja ya Nakuru. Mume wangu, daktari pia ila aliyejilipia masomo yake, alipata kazi Botswana. Alitangulia na binti yetu ili mtoto aanze shule mapema, mimi ningefuata. Ndivyo tulivyoambiana, kana kwamba mkataba ni mafua yatakayopita yenyewe. Wenzangu kadhaa walitoroka bila hata kuaga. Mimi kila nikifikiria kutoroka niliona mnada, na mjomba amesimama pembeni akitazama wageni wakipima shamba lake kwa hatua. Kila mavuno alinitumia gunia la viazi, limejazwa hadi likapita mdomo na kushonewa wavu juu. Nilivichukia viazi hivyo. Nilivimenya kwa hasira na kuvila peke yangu.

Halafu mwishoni mwa mwaka huo ukaja uchaguzi, na baada yake ghasia na moto. Nyumba ya mjomba ilichomwa, na ghala, na viazi vilivyokuwa ndani. Yeye na mkewe walifika Nakuru juu ya lori, wakalala kwenye hema katika uwanja wa maonyesho hadi nilipowapata na kuwaleta kwangu. Hospitalini tulipokea waliokatwa mapanga na walioungua, wengine nikawalaza nisiweze kuwaamsha. Nikirudi nilimkuta mjomba kwenye kiti karibu na mlango, na lile koti la kanisani mwilini, nguo pekee aliyookoa.

Jioni moja aliniambia nikae. “Daktari, sasa enda kwa bwana yako,” alisema. “Mimi sina kitu ya kuchukuliwa tena. Hiyo bond imeungua na nyumba.”

Nilifurahi. Nilijionea aibu, lakini furaha haikuondoka.

Kesho yake nikaenda kwa afisa aliyekuwa na faili langu. Sikutaka kutoroka, niliomba kuachiliwa kwa heshima, nikamweleza kwamba mdhamini wangu hana tena mali. Alinisikiliza vizuri na kunipa pole ya kweli, maana naye alikuwa na jamaa kwenye mahema. Kisha akafungua faili na kuigeuza ile nakala ya hati niione.

“Daktari, nyumba ndio ilichomeka,” alisema. “Shamba haichomeki. Hapa kwetu bado ni ya mjomba wako, na ukienda itauzwa.”

Nilirudi nyumbani na hasira za kuvunja vyombo. Nikamsimulia mjomba yote, nikitarajia tuilaani serikali pamoja. Badala yake akainuka kitini.

“Alisema bado ni yangu?”

Nikamwambia ndivyo alivyosema.

“Serikali yenyewe?”

Akamwita mkewe kutoka jikoni, akaniomba nirudie, nikarudia. Alitaka kujua kama nakala ilikuwa inasomeka, kama jina lake lilionekana lote. Mkewe alifunika uso kwa kanga akalia. Tangu ashuke kwenye lori sikuwa nimemwona mjomba akila akamaliza sahani, na usiku huo alimaliza. Asubuhi nilimsikia akimwambia jirani kwamba shamba lake liko salama, serikali inalijua, mradi mimi niko kazini.

Kule juu Kuresoi watu wengine walikuwa wameshaanza kulilima. Habari hiyo ilinifikia kupitia wagonjwa, na sikumpa. Lililobaki kwake lilikuwa shamba la ndani ya faili, na hilo mimi ndiye ningeliuza kwa kupanda ndege. Kila nilipotoka hospitalini aliniuliza swali moja tu, kama nimeenda kazi. Nikimjibu ndiyo, alitulia.

Hatimaye nilimpigia mume wangu simu, nikamwambia asinikatie tiketi. Hakubishana. Akampa binti yetu simu, na mtoto akauliza ninakuja lini. Nilimwambia babu yake ana shamba la viazi, na hakuna mwingine wa kulilinda.