Jiwe la Kichwani mwa Mwanangu

Admin, uso wangu ufiche, maneno yangu yaache kama yalivyo. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, naishi Junda, Kisauni, na mume wangu na binti mmoja. Mtoto wetu wa pili, wa kiume, alifariki kabla hajajua kukaa. Aliyewahi kuzika mtoto atanielewa. Wa kunicheka apite tu, sina nguvu ya kugombana na mtu.

Kwetu wanawake hatufuati jeneza wala hatuingii makaburini. Mtoto mchanga huogeshwa, huvishwa sanda, babake humchukua mikononi akaenda na wanaume, na mama hubaki ndani na kilio chake. Siku ile walipokuwa wakitoka, nilikimbilia jiwe tulilokuwa tukizuilia mlango usijipige. Marehemu baba yangu alilipata akichimba shimo la choo kwetu Changamwe, nami nikaja nalo nilipoolewa. Lilikuwa la duara, limejiviringa kama kata ya kanga tunayowekea ndoo kichwani, na upande mmoja linang'aa kama ndani ya kombe la baharini. Nikampa mume wangu, nikamwambia, "Muwekee kichwani, nipate kumjua." Akaliweka.

Makaburi yenyewe yamezungushiwa seng'enge, na njia ya sokoni inapita ubavuni. Basi kila nikienda kununua nazi nilisimama hapo nje, nikaliona jiwe langu kule pembeni walikolazwa watoto, nikamtolea salamu mwanangu na kumsomea Fatiha. Ndio ulezi niliobakiwa nao, na nilikuwa nimeridhika nao.

Mwaka huu, kabla ya mvua za masika, jiwe likatoweka. Nilirudi nyumbani mbio nikamweleza mume wangu. Akanijibu bila kuniangalia, "Ni watoto hao, wachezea kila kitu. Kwani kaburi lataka pambo? Muombee dua, yatosha." Wiki ile ile alileta unga, mafuta na samaki wa kupaka, naye hakuwa na kazi tangu hoteli aliyokuwako ipunguze watu. Alisema kapata kibarua. Nikapika, nikala, nikamuombea heri. Nikikumbuka chakula kile natamani nikitapike.

Mvua zilipokwisha, mume wangu akiwa hayupo, alinijia mgeni nisiyemjua, mzee mpole wa bara anayeishi Kiembeni. Alisema yeye hukusanya mawe ya kale. Nikamkaribisha barazani, nikamtilia chai. Akafungua kisanduku, ndani mna pamba, na juu ya pamba nikaliona jiwe langu.

"Mama, hii si jiwe ya kawaida," akasema. "Ni mnyama wa bahari wa zamani sana aligeuka jiwe, anaitwa amonaiti. Nimetafuta miaka mingi, sijawahi kupata nzima namna hii. Lakini kwetu sisi, jiwe ikipoteza mahali ilitoka, haina maana tena. Bwana yako aliniuzia, akasema baba yako ndiye aliichimba. Nimekuja kukuuliza wewe. Ilitoka wapi hasa?"

Nikamwambia, "Lilitoka kichwani mwa mwanangu."

Hakunifahamu. Nikamweleza, huku binti yangu amenishika gauni. Yule mzee akaweka kikombe chini, akafunga kisanduku, akanisogezea kwa mikono miwili. "Nisamehe, mama. Sikujua." Akaenda zake bila kudai kitu, na chai yake hakuimaliza.

Mume wangu aliporudi hakukana. Alikiona kisanduku, akakaa sakafuni. "Nlikuwa na dhiki, mke wangu. Wallahi nlidhani n'takumbuka pahala." Hakuacha alama yoyote, hata kijiti! Kesho yake akaingia makaburini, mimi nikasimama nje ya seng'enge. Mvua imesawazisha kila kitu. Kule pembeni kumebaki vituta viwili vidogo, sawa kwa sawa. Akanionyesha cha kulia. Kisha akasema hapana, ni cha kushoto. Kisha akachutama katikati ya vituta akajishika kichwa, na kwa mara ya kwanza nikamwona analia. Sikumhurumia. Namuomba Mungu anisamehe, lakini sikumhurumia.

Sasa sikieni lililonileta hapa. Kuna mama mwingine tunayekutana naye pale kwenye seng'enge siku za Ijumaa. Hatukuwa tukizungumza, ni salamu tu. Ijumaa iliyopita akanishika mkono. "Dada, lile jiwe la duara li wapi? Miye, babake aliniambia, 'Mwanao yuko ubavuni pa jiwe la duara,' na yeye babake sasa yuko Uarabuni kikazi. Tangu liondoke simjui binti yangu ni yupi."

Kumbe jiwe langu lilikuwa likituonyesha watoto wetu sote wawili. Nikamjibu tu, "Inshallah litarudi."

Mume wangu asema, "N'taliweka popote. Mungu awajua wote wawili, na yule mama atatulia." Kweli atatulia. Lakini tukikosea, atamwita mwanangu kwa jina la bintiye maisha yake yote, nami nitakuwa nikimsomea wake nikidhani ni wangu, na mimi na mume wangu tu ndio tutakaojua kwamba tulibahatisha. Na nikimwambia ukweli, nitamfichua mume wangu mtaani, na yule dada nitamwachia vituta viwili visivyo na jibu, kama vyangu.

Jiwe ninalo hapa, nimelivingirisha kwa shali ya mwanangu. Ndugu zangu, nishaurini. Liwekwe juu ya kituta kimoja ninyamaze, au nimwambie mwenzangu kwamba watoto wetu tumewapoteza mara ya pili? Ijumaa ni kesho kutwa, naye atakuwa pale akilitafuta kwa macho.