Tulivyowanyeshea Ningu wa Busawe

Jamani, mnajua kwamba nimewahi kumwagia samaki maji ili wazae?

Leo nimekutana na ningu, wale samaki wa mtoni kwetu, sokoni Bomani, nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akanitazama vibaya.

Ilikuwa enzi za ujamaa, kijijini kwetu Busawe. Nyavu zilikuwa zinawamaliza ningu Mto Mara. Bwana samaki wa wilaya akatuletea wachache tuwafuge bwawani, wazaliane, kisha watoto wao warudishwe mtoni.

Wakanenepa vizuri tu. Kuzaa, hawakuzaa.

"Ningu hutaga mvua ikinyesha," bwana samaki akatuambia.

Na kilikuwa kiangazi.

Basi sisi akina mama tukatoboa madebe, tukawa tunachota maji ya bwawa na kuyamwaga humo humo, yadondoke kama mvua.

Akapita Mzee Marwa na ng'ombe wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnafanya nini?"

"Tunawanyeshea samaki."

Akatuangalia sana. "Samaki yuko ndani ya maji, halafu mnamnywesha?"

Akaondoka akitikisa kichwa. Aibu tuliyoiona, acheni tu. Lakini tuliendelea kumwaga mpaka mikono ikafa ganzi.

Asubuhi yake mayai yalikuwa yametapakaa bwawani. Bwana samaki alikaa chini kwenye matope akalia kama mtoto.

Mzee Marwa naye akaja, akachungulia maji, kisha akanivuta pembeni.

"Mama Bhoke, nina mtamba wangu, mwaka wa pili huu hashiki mimba. Hamwezi kummwagia na yeye?"

Tulimmwagia. Nyie mngemjibuje mzee wa watu?