Namba Iliyogoma Kufutika

Kosa nililofanya ni la kijinga, na nililifanya nikiwa na akili zangu zote: kwenye fomu ya kujiunga na tovuti ya watu wanaoandika programu za kompyuta, mahali pa namba ya simu, nilijaza namba ya jirani yetu. Sikumwomba. Niliona nyota nyekundu pembeni, nikaamini kwamba bila namba mlango haufunguliwi, na mimi simu sikuwa nayo. Miezi kadhaa baadaye ndipo nilipotazama vizuri nikagundua kuwa ile nyota ilikuwa ya mstari wa juu yake, wa jina. Sehemu ya simu ungeweza kuiacha wazi ukaenda zako na amani yako.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nina cheti cha kidato cha nne, naishi Mandewa, pembeni mwa mji wa Singida, katika chumba nilichokulia. Wenzangu niliosoma nao walishatawanyika Arusha, Mwanza na Dar. Mimi nikilala siku mbili nje ya nyumbani, ya tatu nimesharudi. Mama alishazoea. Akiulizwa mwanawe wa mwisho anafanya nini siku hizi, alijibu, "Yupo," na kweli nilikuwepo.

Kompyuta niliipata kwa mjomba. Shirika la umma alilofanyia kazi lilipouzwa kwa mtu binafsi, wafanyakazi waligawana vilivyobaki maofisini. Wenzake walichukua makabati na viti vya kuzunguka. Yeye akarudi na kompyuta, akaitazama wiki mbili bila kuigusa, kisha akaniletea. "Wewe si unakaa ndani," akasema. "Basi kaeni wote." Nikajifundisha kuandika programu taratibu, kwa kubahatisha. Ya kwanza ilipanga majina ya wanakwaya kwa alfabeti, na ilimsahau mwenyekiti.

Intaneti ilikuwa mjini, kwenye chumba chenye kompyuta tano nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Nilikwenda Jumamosi tu, na hiyo kwangu ilikuwa safari. Huko ndiko nilikoikuta ile tovuti. Vijana fulani wa Dar waliianzisha, kila kitu kwa Kiswahili, watu wanaulizana maswali ya programu na kujibizana. Nilisoma wiki tatu bila kusema neno, kama mgeni aliyekaa karibu na mlango. Kisha nikaona kasoro. Nilikuwa najaribu kutengeneza programu ya kuhesabu mifugo, na kila nilipotafuta humo neno "ng'ombe," ukurasa wote uligeuka mweupe. "Mbuzi" ilikubali. "Kondoo" ilikubali. Ng'ombe akiingia, kila kitu kinafutika.

Palikuwa na ukurasa wa kuripoti kasoro na kutoa mapendekezo. Sasa mimi nimelelewa. Huwezi kumwambia mtu paa lake linavuja kabla hujamsalimia. Nikaanza na shikamoo kwa wakubwa wote watakaosoma, habari za kazi kwa wa rika langu, poleni na majukumu, sisi huku Singida hatujambo ila mvua zimechelewa. Nikajitambulisha, nikaeleza nilivyowafahamu. Ndipo nikaingia kwenye habari ya ng'ombe. Kumbe kile kisanduku cha kuandikia kilipokea maneno machache tu, na yaliyozidi kiliyakata bila kusema. Jumamosi iliyofuata nikakuta jibu: "Tumepokea salamu, asante sana. Kasoro ni ipi?"

Nikaandika upya bila salamu, nikijiona kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi. Nikaongeza na pendekezo kwamba kisanduku kipanuliwe. Wakajibu kuwa pendekezo ni zuri, litafanyiwa kazi, na kwa kuwa maelezo yangu yanaonekana ni marefu, kwa sasa watanipigia simu.

Jirani yetu alikuwa mjane wa makamo, kati yake na sisi kuna ua wa minyaa tu. Simu alinunuliwa na binti yake wa pekee, aliyeolewa Itigi na mtu wa reli. Mtandao kwake ulishika sehemu moja, dirishani, kwa hiyo simu ilikaa pale, imening'inizwa kwenye msumari ndani ya soksi ya mtoto. Ukitaka kuongea ulisimama nje juu ya jiwe, kichwa ukakiegesha kwenye nondo za dirisha, na ukisogea tu, mtu anapotea.

Siku ya kwanza aliniita juu ya ua.

"Wewe. Kuna mtu kwenye simu yangu anasema wewe ni mkuu. Mkuu wa nini?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkuu wa nini?"

Nilikwenda kifua wazi, nimeshika kandambili mkononi. Ilikuwa sauti ya kijana, ya haraka haraka, ya Dar.

"Mkuu, hiyo ya ng'ombe tumeihakikisha. Wewe umeionaje wakati sisi wote hapa hatukuiona?"

Nikamweleza. Nilimweleza na ya mbuzi, na ya kondoo, hatua kwa hatua. Jirani alikuwa amesimama nyuma yangu anapeta alizeti, na nilipomaliza akasema, "Mtu anakupigia kutoka Dar muongee habari za ng'ombe, na wewe hata kuku huna."

Baada ya hapo nikawa naripoti kila Jumamosi. Tarehe zilizojipanga kinyume. Kitufe cha kurudi nyuma kinachokupeleka mbele. Nilipendekeza hata pawe na sehemu ndogo ya salamu, peke yake, ili isile nafasi ya kasoro; walicheka, lakini waliiandika kwenye orodha. Yule kijana akawa ananiita mzee wa kasoro. Alipiga mara moja kwa wiki, kisha mara tatu. Kwenye simu ya tano nakumbuka nilikwenda nimevaa shati, limepigwa pasi.

"Leo unaoa?" jirani akaniuliza.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba tovuti iliionyesha namba yangu, yaani namba yake, chini ya jina langu kila nilipoandika. Watu wengine wakaanza kupiga. Wa Mbeya, wa Zanzibar, mwingine sijui wa wapi, alisema tu "niunganishe na fundi." Jirani aliniita asubuhi, aliniita nikiwa nakula, aliniita katikati ya ibada ya redio. Alisema nyumba yake imegeuka posta na yeye ndiye karani, ila karani wa posta ana kiti.

Kisha siku moja hakuita juu ya ua. Alizunguka akaja mpaka mlangoni kwetu, akakaa kwenye kigoda cha mama, jambo lililonitisha.

"Mwanangu ana mimba," akasema. "Ya kwanza. Daktari anasema mtoto amekaa vibaya, huenda akapasuliwa. Nimemwahidi siku ya kuingia huko ndani mimi nitakuwa pale mlangoni. Uchungu ukianza watanipigia, niondoke saa hiyo hiyo. Sasa simu yangu inalia mambo yako tu. Waambie watu wako waache."

"Nitawaambia, mama."

"Waambie kweli."

Jumamosi nikafungua ukurasa wangu, nikafuta namba yake, nikabonyeza Hifadhi. Ukurasa ukafikiri kidogo, ukarudi na namba ile ile. Nikafuta tena. Ikarudi. Nikaandika sifuri tupu, ikarudi. Nilijaribu mara saba, na mara ya saba nilikuwa nimeshasahau kilichonileta, nilikuwa nahesabu. Nikaenda kwenye ukurasa wa kasoro, nikaandika vizuri, kwa kifupi, bila salamu: mwanachama hawezi kubadili namba ya simu. Chini likatokea jibu la mashine: ripoti yako imepokelewa, utapigiwa kwa namba uliyojiandikisha.

Jumatatu wakapiga. Jirani alinikabidhi simu bila kunitazama.

"Mkuu, kwa hiyo ukibonyeza Hifadhi inarudi ile ile?"

"Ile ile."

"Mara zote?"

"Nimejaribu mara saba. Hata ukiweka sifuri."

"Hata sifuri? Safi sana. Hebu nieleze kuanzia mwanzo."

Nikamweleza kuanzia mwanzo. Akasema ni kasoro nzito, mwenye kuijua sehemu hiyo amekwenda kusoma nje, wataitafuta wao wenyewe na watanipigia kunijulisha. Nikasema haya, asante.

"Umewaambia?" jirani akauliza.

"Wanashughulikia."

Walishughulikia kwa kupiga simu. Wiki ile walinipigia mara nne kuulizia namba isiyofutika, kwa namba isiyofutika. Nikaanza kukaa ndani, safari hii kwa woga. Mlio wa simu ulipenya minyaa ukaingia chumbani kwangu, nami nikanyamaza kama mtu anayedaiwa. Nikitaka kwenda chooni nilitazama kwanza kama yuko uani. Mlango wa mbele niliuacha, nikawa natumia wa nyuma, nazunguka mawe makubwa ya nyuma ya nyumba kama mbuzi ili nitokee barabarani. Nimependa kukaa ndani maisha yangu yote, na hapo kwa mara ya kwanza nikakiona chumba changu kuwa ni kidogo, chenye dirisha moja, linalotazama dirisha lake.

Jirani akatafuta njia yake. Mkwewe alizoea kupiga kutoka kibanda kimoja cha simu karibu na stesheni. Akaniambia niiandike namba ile ndani ya simu, nikaiandika "Itigi." Ikilia, atazame, ikiwa ni Itigi anapokea, ikiwa si Itigi anaiacha ilie mpaka ichoke. Herufi alizisoma kwa shida, lakini neno hilo alilikariri umbo lake.

Alhamisi moja mchana alinikamata. Nilikuwa nimezunguka mawe, nikakutana naye anatoka kuchota maji. Akanipa ndoo nimpelekee, na nilipoitua uani kwake simu ikalia kwenye soksi. Akaitoa, akaitazama, akanigeuzia.

"Si Itigi hii."

"Si Itigi, mama."

"Ni ya kwenu?"

Niliitazama ile namba. Sikuijua. Sikuwa nazijua nyingi zao, walipiga kwa namba nyingi. Nilichojua ni kwamba nikipokea mbele yake, ataisikia ile sauti inasema mkuu, na atajua bado sijawaambia.

"Ya kwetu," nikasema. "Iache tu."

Akairudisha kwenye soksi. Ililia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Tulisimama wote wawili tunaisikiliza, mimi nikiwa nimeshika mpini wa ndoo, na iliponyamaza akanishukuru kwa maji.

Kesho yake asubuhi ikalia, ikaandika Itigi. Nilimsikia kupitia minyaa. Kwanza alisema haloo, haloo, kisha akasema kwa Kinyaturu, lugha ya kwetu, maneno ambayo mama yangu alipoyasikia aliacha ufagio akakimbilia kwake. Jana mchana binti alizidiwa. Mume alikuwa hospitali, kibanda kiko mbali, akaazima simu ya muuguzi, akapiga mara mbili. Muuguzi akaitwa kazini, akaondoka na simu yake. Binti akaingizwa ndani anaulizia mama yuko wapi, na aliambiwa mama yuko njiani.

Jirani aliondoka na basi la saa nne kwenda Manyoni ili aunganishe la Itigi. Simu alikwenda nayo. Mama ndiye aliyemsindikiza stendi. Mimi nilibaki nyumbani. Sikuangalia hata kompyuta; niliifunika na shuka, nikakaa kitandani nikiitazama ilivyokaa chini ya shuka.

Alirudi baada ya wiki tatu. Mama alinikamatisha kuku, akaniambia niende mwenyewe, na nipite mlango wa mbele. Nilimkuta anafagia uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamtazama kuku. "Mfunge pale."

Nikamfunga. Nikauliza habari za mgonjwa. Akasema mtoto ni wa kike, mzima. Mama yake yuko hai, ila kidonda kiliingia usaha, na mpaka anamwacha juzi alikuwa bado anatembea ameinama.

"Kila mtu anamwambia yamekwisha," akasema. "Yeye ananiambia, mama, walinidanganya kuwa uko njiani."

Nikaomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa, nikasema yote: ya nyota nyekundu, ya kitufe cha Hifadhi, mara saba, sifuri, ripoti inayojibiwa kwa kupigiwa kule kule. Nikamwambia nilikuwa nimekwama, mama, kila nilipogusa palinirudisha pale pale. Nikamwambia na ya Alhamisi, kwamba namba ile sikuijua, nilisema tu. Alisikiliza akiwa ameegemea fagio.

"Yule kijana wako alinipigia nikiwa wodini," akasema. "Nikamwambia simu hii ni ya kwangu, nina mgonjwa, aitoe namba yangu huko alikoiweka. Akasema samahani mama, naitoa sasa hivi. Hajapiga tena. Wala mwingine hajapiga."

"Aliitoaje?" nikauliza. "Ule ukurasa haukubali."

Akainama na fagio lake, na hivi ndivyo alivyosema, neno kwa neno:

"Hakuna kitu kilikufunga wewe. Ulikuwa unapenda kuitwa. Nipishe nifagie."