Maikrofoni Iliyompa Mama Bhoke Mgongo

Siku ile ya Kiabakari naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na nimeikumbuka zaidi tangu uliponiuliza ununue maikrofoni zipi za kurekodia muziki unaopigwa mbele ya watu. Ulitaka nikutajie aina na duka. Ngoja kwanza nikutajie kosa langu.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa kijana wa suruali pana na nywele nyingi, cheka tu, niliyeajiriwa kuzunguka Mara na mashine ya kanda nikirekodi ngoma za wazee. Nilipanga chumba Mukendo, pale Musoma. Nilikuwa na jozi mbili za maikrofoni ndogo za kondensa, nyembamba, ungedhani kalamu. Jozi moja ilisikia mbele tu, nyuma ni kiziwi. Ya pili ilisikia pande zote. Fundi aliyenifundisha kazi aliniambia nibebe zote, nikifika nikae nisikilize kwa masikio yangu, ndipo nichague. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Niliona ile ya pande zote hukusanya kuku na watoto tu, nikaiacha chini ya kitanda.

Kiabakari mimi na dereva wangu tulimkuta Mzee Marwa, mpiga litungu, lile zeze kubwa la kamba nane, pamoja na mkewe, Mama Bhoke. Walikuwa wameambiwa watahamia kijiji kipya wakishavuna pamba. Wimbo wao waliupiga hivi tangu uchumba: mume mbele na litungu lake, mke nyuma yake kwenye kigoda, akimjibu kila mstari kwa sauti ya chini. Mimi sikuuliza. Nilielekeza maikrofoni zote mbili kwenye kamba, karibu kabisa, zikitazama chini, nikavaa hedifoni, nikasikia litungu safi kabisa. Nilijiona bingwa.

Tulipomaliza niliwapigia kanda wajisikie. Mzee alianza kwa tabasamu, kisha tabasamu likaisha. Mama Bhoke akainama kwenye spika.

"Mbona mimi simo? Nilikuwaga naimba ama nilikuwaga nimelala?"

Watu walicheka. Mzee Marwa hakucheka.

"Mura, kijana wangu, maneno yangu umeyabeba, ya mama umeyaacha hapa hapa. Huu wimbo ni wa watu wawili. Rudia."

Ningeweza kurudia. Kugeuza maikrofoni moja imtazame mama ilikuwa kazi ya dakika mbili. Lakini dereva alikuwa ananiita, Butiama walikuwa wanatungoja, na kusema kweli sikupenda kusahihishwa mbele za watu. Nikatunga kisingizio, "Mzee, sauti ya mama inafunika kamba. Nitarudi wiki ijayo na vifaa vingine."

Mama Bhoke aliniangalia, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa ya mgando. "Kunywa kwanza," akasema, "njia ya Butiama ina vumbi." Nikanywa, nikaondoka.

Wiki iliyofuata nikatumwa Bunda na Mugeta. Kisha gari likaharibika, kisha mvua. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Niliporudi na jozi zote mbili, pamba ilikuwa imeshavunwa, na Mzee Marwa nilimkuta kwenye kijiji kipya, litungu limetundikwa ukutani. Mama Bhoke alikuwa amezikwa kule walikotoka.

Nililia, mwanangu, sioni haya kukuambia. Mzee hakunigombeza. Aliniomba nimpigie ile kanda. Kila mstari wake ulipoisha, pale ambapo mkewe alipaswa kuitikia, alisogeza sikio mpaka likagusa spika. Mimi nilisikia kimya tu.

"Yumo," akasema. "Kwa mbali, lakini yumo. Rudisha."

Nilirudisha kanda mpaka betri zikaisha.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na mwenye kuchagua maikrofoni akiwa dukani ndiye huyo. Kondensa ndogo nunua, kamba huzipenda, na ukiweza chukua jozi za aina zote mbili. Mvua ikipiga mabati, tumia inayosikia mbele, uisogeze karibu. Pakiwa pametulia na watu wanaitikiana, weka ya pande zote katikati yao, na kuku akiwika mwache awike. Lakini kabla hujafungua sanduku, uliza nani hukaa wapi na nani humjibu nani. Kuuliza si ujinga. Na mwenye wimbo akikuambia rudia, rudia siku hiyo hiyo, hata kama gari linakuita.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie masikio yanayofika mpaka nyuma ya mpigaji, na pasiwepo mama hata mmoja atakayejitafuta kwenye kanda yako asijione.